Reli Isiyofutwa na Isiyojengwa: Mjadala wa Kusini ya Maniema

Hoja iliyo mezani ni hii: watu wa Kasongo na Kabambare waendelee kudai reli, au waiache, wadai barabara na kivuko? Ndani yake limejificha swali ambalo kwangu mimi ndilo kubwa. Mradi ukifa, nani ana wajibu wa kuwaambia waliokuwa wakiusubiri? Sauti zilizomo humu nimezipanga mwenyewe, wala hazina majina, lakini ugomvi wao ni ule ule unaosikika sokoni, kwenye baraza za msikiti baada ya swala, na ng'ambo ya Lualaba mahali watu wanapongoja kuvuka.

MWALIMU WA HISTORIA: Tuanze na ramani. Mwaka 1902 Mbelgiji Édouard Empain aliunda kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, ile ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi tatu, CFL. Mpango wa kwanza haukuwa huku kabisa. Reli ilitakiwa itoke Kisangani ikafike Mahagi, kwenye Ziwa Albert. Ukaachwa. Wakaamua kuufuata mto: mahali Lualaba inapopitika, meli, penye maporomoko, reli. Kisangani mpaka Ubundu ilifunguliwa 1906. Kindu mpaka Kongolo, kilomita 355, ikamalizika mwishoni mwa 1910. Halafu 1915 ikaja ya Kabalo mpaka Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika. Sasa tazameni Kasongo iko wapi na Kabambare iko wapi. Reli ya 1910 inapita magharibi ya mto, Kasongo iko mashariki. Reli ya 1915 iko mbali kusini ya Kabambare. Tumezungukwa na reli mbili, na hakuna hata moja iliyotugusa.

MAMA MUUZA MCHELE: Papa Mwalimu, hayo ya 1910 yanapandisha bei ya mchele wangu au yanaishusha?

MWALIMU: Yanaishusha, Mama, na nitakuonyesha. Kabla ya reli, njia kuu ya biashara ya nchi hii ilikuwa yetu. Ujiji, unavuka ziwa mpaka Mtowa, unapanda Kabambare, unashuka Kasongo, unafika Nyangwe. Wasafiri wa Ulaya walipita huku, Cameron 1874, Stanley 1876. Tippu Tip alijenga Kasongo ikawa mji wenye mashamba ya mpunga na nyumba za kuta nene. Magofu yake yako pale Tongoni mpaka leo. Reli ilipofika Kalemie mizigo ikahama. Kabambare, iliyokuwa kituo cha lazima kati ya ziwa na mto, ikawa mwisho wa njia.

MWANAFUNZI WA CHUO KIKUU CHA KASONGO: Samahani, Papa Mwalimu, kwa heshima. Njia hiyo unayoisifu ilibeba pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Bibi zetu hawakuwa abiria katika safari hizo. Na reli nayo ilipokuja haikuja kwa ajili yetu. Tangu miaka ya Vita vya Kwanza watu wa Maniema walilimishwa pamba kwa lazima, wakaibeba kichwani mpaka pa kupimiwa. Mimi sitaki tudai reli kwa sababu tunaionea wivu Kongolo. Tuidai, au tusiidai, kwa sababu ya leo.

Hapa nasimama upande wa mwanafunzi, ingawa Mwalimu ni rafiki wa moyo wangu. Kuna namna ya kuusimulia ukuu wa Kasongo ya zamani inayowasahau waliouliwa na waliouzwa. Nyangwe yenyewe, Julai 1871, wanawake waliokuwa sokoni walipigwa risasi wakakimbilia mtoni wakazama, na Livingstone alikuwa pale akaona. Haiwezekani tuutamani mji ule mzima mzima. Lakini Mwalimu ana haki katika jambo moja: mahali ramani inapoamua kupita, pesa hupita, na mahali inapopaacha watu hutumia miaka mia moja kulifidia kosa hilo kwa mabega yao.

MZEE WA RELI: Mimi nilifanya kazi upande wa Samba na Kibombo, basi niseme ninachokijua. Watu wa Kasongo hawakukosa reli kabisa. Stesheni yetu ilikuwa Samba. Unatoka Kasongo, unafika mtoni, unavuka, unakwenda Samba, unapakia. Mwaka 1939 daraja la Kongolo lilipokamilika, ukapakia Samba na mzigo ukafika Kalemie bila kushushwa. Mwaka 1955 reli ikapanuliwa kutoka mita moja kuwa sentimita 106.7 ili ifanane na ya Katanga, na 1956 ikaunganishwa na Kamina. Maana yake gunia la mpunga la Kasongo liliweza kufika Lubumbashi ndani ya behewa moja. Msiwaambie watoto kwamba hatukuwahi kuwa na reli. Tulikuwa nayo, ikafia mikononi mwetu.

KIJANA WA PIKIPIKI, KUTOKA KABAMBARE: Ilikufa lini, Mzee? Tupe siku.

MZEE: Reli haina siku ya kufa, mwanangu. Kwanza mfereji wa kando unaziba. Maji yanakaa. Kokoto zinazama kwenye tope, taruma linaoza, chuma kinalegea. Mkuu wa kituo anaandika: hapa treni ipite polepole. Mwaka wa pili anaandika: hapa ipite kwa mwendo wa mtu anayetembea. Baadaye gari linaanguka na hakuna kreni ya kuliinua, linakaa porini mwezi mzima. SNCC, shirika la reli la taifa, lilipoundwa 1974 lilirithi njia ndefu kuliko uwezo wake. Mishahara ikakatika. Siku hizi anayepanda Lubumbashi kwenda Kindu anaweza kukaa njiani zaidi ya juma, akapikia chakula chake kando ya reli. Je, kuna aliyesimama akatangaza kwamba treni imefutwa? Hakuna. Ndiyo sababu huwezi kupata siku.

MAMA: Basi mimi ndiyo hoja yangu. Kitu ambacho Mzee mwenyewe hawezi kusema kama kiko hai au kimekufa, mimi nikitegemeeje? Mchele haungoji. Mvua ikianza, gunia likilala njiani usiku mmoja bila turubai, asubuhi limeota. Barabara ya Kindu gari linakwama, dereva anashusha mizigo, anadai nyongeza. Kivuko kikiharibika tunavuka kwa mitumbwi ya Wagenia, gunia kwa gunia, na kila gunia lina bei yake. Nipeni kivuko kinachowaka mashine kila siku. Nipeni daraja ndogo ndogo za miti zibadilishwe ziwe za chuma. Reli mtaijenga wajukuu wangu wakiwa mabibi.

MWANAFUNZI: Mama, nikuulize. Baiskeli inayosukumwa kwa mkono inabeba nini? Kilo mia, pengine zaidi kama msukumaji ana nguvu. Behewa moja la mizigo linabeba tani 40. Hizo ni baiskeli mia nne, vijana mia nne wakisukuma mlimani kwa siku kadhaa. Treni ya mabehewa ishirini ni vijana elfu nane. Hakuna barabara ya udongo inayoweza kushindana na hesabu hiyo, na lori zito ndilo linaloiua barabara ya udongo haraka kuliko mvua.

MAMA: Hesabu yako nzuri. Behewa liko wapi?

Ukimya ulioingia hapo unastahili kujazwa na mambo yaliyotokea Kinshasa na Beijing. Mwaka 2008 serikali yetu ilitia saini na makampuni ya China mkataba wa madini kwa miundombinu, ule wa Sicomines. Thamani yake ilitangazwa kuwa dola bilioni 9, na katika kazi zilizoorodheshwa zilikuwemo kilomita nyingi za reli, pamoja na ile ndoto ya tangu enzi za Wabelgiji ya kuunganisha Ilebo na Kinshasa. Mwaka uliofuata Shirika la Fedha la Kimataifa likasema deni ni kubwa mno kwa nchi inayoomba msamaha wa madeni. Mkataba ukashushwa hadi bilioni 6, na sehemu ya miundombinu ikapunguzwa kutoka bilioni 6 kuwa 3. Machi 2024 mkataba ukarekebishwa tena, sehemu ya miundombinu ikapandishwa hadi bilioni 7, na sasa kinachosemwa ni barabara. Reli ya Ilebo mpaka Kinshasa haijajengwa. Pengine uamuzi wa kuiacha ulikuwa sahihi. Sina ugomvi na barabara. Ugomvi wangu ni kwamba mtu wa Ilebo aliyesikia redioni 2008 kuwa treni inakuja hakupata siku ya kusikia redioni kwamba haiji tena. Aliachwa ajue mwenyewe.

MWANAFUNZI: Ndiyo hapo nataka tuende. Lagos, gavana Lateef Jakande alianzisha reli ya mjini 1983. Wanajeshi wakachukua nchi, na 1985 wakaufuta mradi. Nchi ikapoteza zaidi ya dola milioni 78 bila kupata hata kituo kimoja. Watu walikasirika, na wana haki. Lakini kufutwa kule kulikuwa na mwaka, kulikuwa na serikali iliyofuta, na kila aliyebanwa kwenye foleni ya magari ya Lagos alijua amlaumu nani. Hasira hiyo haikupotea. Reli ikarudi mezani, na Septemba 2023 Laini ya Bluu ikaanza kubeba abiria. Miaka 38 baadaye!

KIJANA: Lagos wana watu mamilioni, Yaya. Sisi tuna nani?

MWANAFUNZI: Uganda basi. Walitia saini na kampuni ya Kichina 2015 reli mpya ya Malaba mpaka Kampala. Fedha za China hazikuja. Januari 2023 wakauvunja mkataba hadharani, na Oktoba 2024 wakasaini na Waturuki wa Yapı Merkezi, kilomita 273. Sijui kama watamaliza. Lakini aliyevunja alisema amevunja, na kwa kuwa alisema, aliweza kuanza upya.

MWALIMU: Hata hapa kwetu upo mfano. Léopoldville, 1955, Wabelgiji walileta basi la umeme lisilo na nyaya. Chini yake lilikuwa na gurudumu zito la chuma lililozungushwa kwa kasi kituoni, na mzunguko huo ndio uliolisukuma mpaka kituo kingine. Lilitengenezwa Uswisi. Yalikuwa magari 12, na hapakuwa na mji mwingine duniani uliokuwa na mtandao mkubwa wa aina hiyo. Yalikula umeme mwingi mno na kuharibika sana. Mwaka 1959 yakaondolewa. Mkoloni hakuwa na wajibu kwa mtu mweusi, lakini hata yeye alilifunga jambo alipoona limeshindikana.

MAMA: Na metro ya Kinshasa wanayoizungumza kila mara?

MWALIMU: Hiyo ni ya wenye mji wa watu zaidi ya milioni 15, na wanaihitaji. Siwaonei choyo. Ninachotaka ni kwamba wanapoichora, wasiandike kwenye kitabu kile kile kwamba Maniema nayo imepewa reli, kumbe imepewa sentensi.

Sentensi ipo, na sasa nifike kwenye jambo linalonichoma. Tanzania, Burundi na Kongo zimekubaliana juu ya reli ya kisasa itakayotoka Uvinza, ipite Musongati na Gitega, ifike Uvira, na hatimaye Kindu. Kipande cha Uvinza mpaka Musongati kilipata mkataba wake wa ujenzi Januari 2025, zaidi ya dola bilioni 2. Kwa hiyo si ndoto tupu. Upande wa Tanzania na Burundi kuna kazi. Kindu imetajwa, na watu wetu wakisikia Kindu husikia Maniema, na wakisikia Maniema hujisikia wao. Lakini shika ramani, weka kidole Uvira, weka kingine Kindu. Mstari kati ya vidole hivyo unapita milima ya Itombwe na misitu iliyo kaskazini yetu kabisa. Kabambare haiko kwenye mstari huo. Kasongo haiko. Reli ya 1910 ilipita magharibi, ya 1915 ikapita kusini, na hii, kama itajengwa kwa njia iliyo fupi, itapita kaskazini.

KIJANA: Sisi wa Kabambare tunalijua hilo bila ramani. Namoya iko kwetu, kule Salamabila. Dhahabu ilipotakiwa, mashine zilifika, umeme ulifika, uwanja wa ndege ulikuwapo. Kampuni ya Banro ilitangaza uzalishaji wa kibiashara mwanzoni mwa 2016. Umeme ule haukuvuka uzio. Dhahabu haina haja ya reli, Mzee. Inaingia kwenye sanduku, inaruka. Kinachohitaji reli ni mihogo, mahindi na mpunga, na hivyo havina kampuni ya kuvisemea.

MZEE: Umesema neno zito. Reli hufuata mzigo mzito wenye mwenye sauti. Shaba ina sauti. Mpunga hauna.

KIJANA: Na usalama je? Mtatandika vyuma, wenye silaha waving'oe? Mimi napita Kabambare mpaka Kasongo na pikipiki, zaidi ya kilomita mia moja. Njiani nalipa hapa, nalipa pale, mwingine ana sare, mwingine hana. Reli ikija bila utawala, itakuwa ni kizuizi kimoja kirefu.

Mzee hakumjibu, na sidhani lipo jibu la mhandisi. Alilojibu ni la fedha, na hapo alinishawishi kuliko wote.

MZEE: Sikilizeni. Hiyo reli ya Burundi kila kilomita inakwenda dola milioni nane au tisa. Hata tukisema Samba mpaka Kasongo ni kilomita 50, na tukiijenga kwa upana wa zamani ulio rahisi zaidi, bado kuna Lualaba ya kuvuka, na daraja la treni juu ya mto ule ni mradi peke yake. Hakuna atakayetupa. Mimi niliyekula mkate wa reli nawaambia: msidai reli mpya ya Kasongo. Daini ile iliyopo ipite Samba kwa siku inayojulikana. Benki ya Dunia iliidhinisha 2010 mradi wa usafiri wenye dola milioni 255, na SNCC ilikuwa ndiyo kiini chake. Ulizeni kokoto ngapi zilifika kati ya Kongolo na Kindu. Mtu akijibu sifuri, aandike sifuri na aweke sahihi.

MWALIMU: Kwa hiyo tukubali kushindwa?

MZEE: Kukubali kushindwa ni kungoja. Mimi nasema tuache kungoja.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Watu wa nje hudhani gharama ya mradi uliokufa ni pesa zilizopotea. Kwetu pesa hazikufika, kwa hiyo hazikupotea huku. Kilichopotea ni maamuzi. Kuna mtu aliyenunua kiwanja karibu na Samba kwa sababu aliambiwa treni inarudi. Kuna familia iliyoacha kulima shamba la mbali ikisema, tukingoja reli litakuwa na faida. Na kuna kiongozi aliyeulizwa kwa nini kivuko ni kibovu akajibu kwamba mradi mkubwa uko njiani. Jibu hilo la mwisho ndilo linaloniudhi kabisa. Ahadi isiyofutwa inamlinda anayeahidi. Kila anayedai jambo dogo huambiwa asubiri kubwa, na kubwa halina tarehe.

Ndiyo maana naliunga mkono dai la mwanafunzi, ingawa wengi waliliona la kivyuoni. Anataka Bunge la jimbo, Kindu, liiombe serikali kuu iandike waziwazi hali ya kila mradi wa usafiri uliowahi kutangazwa kwa teritwari za Kasongo na Kabambare: unaendelea, umesimama, au umefutwa; na kama umefutwa, umefutwa na nani, na fedha zake zimepelekwa wapi. Mpango wa maendeleo ya teritwari 145 unazihusu zote mbili, kwa sababu 145 ndiyo idadi ya teritwari zote za Kongo. FONER, mfuko wa kutunza barabara ulioanzishwa 2008, unakusanya ushuru kwenye kila lita ya mafuta, hata ile inayochomwa na pikipiki ya kijana wetu wa Kabambare. Yeye ni mlipaji. Mlipaji huonyeshwa hesabu.

KIJANA: Na wakiandika kwamba vyote vimefutwa?

MWANAFUNZI: Tutajua tusimamie wapi.

KIJANA: Mimi naogopa karatasi hiyo. Ikisema imefutwa, na wao watakuwa wamesamehewa. Leo nikimwona mbunge naweza kumwuliza, reli yetu iko wapi? Kesho ataniambia, ilifutwa, soma.

Woga huo ni wa kweli na sikuweza kuuondoa. Kuna ahadi ambazo watu huzishika kwa sababu ndizo pekee wanazoweza kumshikia mkubwa. Ukiwanyang'anya ahadi ya uongo bila kuwapa jambo la kweli mahali pake, umewaacha mikono mitupu. Kwa hiyo karatasi ya kufuta haitoshi. Lazima ije pamoja na kitu kinachoanza kazi kabla wino haujakauka, na kitu hicho kiwe kidogo kiasi cha kumalizika ndani ya kiangazi kimoja, Juni mpaka Agosti, wakati njia imekauka na malori yanaweza kufikisha chuma na saruji.

Basi wakaanza kuandika barua ya kupeleka Kindu. Mzee alitaka mifereji ya reli izibuliwe kati ya Samba na Kibombo, akasema vijana wenye majembe wanatosha kuanza. Mwalimu bado alitaka barua ianze na historia, aya mbili tu, ili Kindu wajue wanaongea na nani. Kijana akadai Kabambare isitajwe kama mkia wa Kasongo.

MAMA: Andikeni mnavyotaka. Lakini mimi sitii kidole changu kwenye barua ambayo kivuko kiko chini ya reli. Kivuko kwanza, mstari wa kwanza kabisa, na jina la ofisi inayopaswa kukitengeneza. Halafu daraja za njia ya Kabambare. Halafu treni ya Samba. Historia ya Papa Mwalimu mwisho.

MWALIMU: Mwisho kabisa, Mama?

MAMA: Mwisho kabisa. Wakiikata, barua bado itasimama.

Mwanafunzi aligeuza karatasi upande wa pili, akaanza upya na kivuko.